Mafua yamegeuka sikio: ungoje nyumbani, uende duka la dawa, au sikio likatazamwe?

Kusi ikivuma na asubuhi za Tanga zikawa na ubaridi, ni nadra kupita mtaa wa Ngamiani au Makorora usisikie mtoto anakohoa. Mafua yenyewe hayatishi mtu. Lakini siku ya tatu au ya nne, na mara nyingi usiku wa manane, huja kilio cha namna nyingine: mtoto anashika sikio, anakataa kulazwa, akipewa ziwa ananyonya mara mbili tatu kisha analiachia na kulia. Mzazi hapo ana njia tatu. Ampe dawa ya maumivu na kungoja. Apambazukiwe duka la dawa na kuomba "dawa ya sikio". Au ampeleke mahali sikio litakapochunguliwa.

Nazilinganisha njia hizi hapa kwa sababu ile ya katikati ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayokula pesa za watu bure. Msimamo wangu nautanguliza: ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, lipia mtu wa kuchungulia sikio, usilipie kichupa cha matone. Dawa ya maumivu iwepo nyumbani siku zote. Matone yangoje mpaka mtu aone ndani kuna nini.

Kwanza ujue ni sikio la namna gani

Kuna mrija mwembamba unaotoka sikio la kati, nyuma ya kiwambo (ile ngoma ya sikio), na kufungukia nyuma ya pua. Kazi yake ni kuingiza hewa sikioni na kutoa majimaji. Ukipatwa na mafua, utando wa ndani wa mrija huo unavimba na njia inaziba. Hewa iliyofungiwa ndani inafyonzwa kidogo kidogo, kiwambo kinavutwa kuelekea ndani, na mtu anahisi sikio limejaa, limeziba, linauma kwa mbali. Maumivu haya ya kuziba huja na kuondoka. Ukimeza mate au ukipiga miayo sikio linalia "tak" na unapata nafuu. Homa hakuna, au ni ile ndogo ya mafua yenyewe.

Majimaji yakikaa nyuma ya kiwambo na vijidudu vikapanda kutoka puani, hapo ndipo sikio la kati linapata uambukizo. Maumivu yanakuwa makali, yanadunda, yanazidi mtu akilala chali, na mara nyingi homa inapanda. Kwa mtoto mdogo mrija ni mfupi, mwembamba, na umelala karibu sawa na ardhi, kwa hiyo wanaoongoza kwa kuugua ni watoto wa miezi 6 hadi miaka 2. Mtoto wa umri huo hajui kusema "sikio", na kulivuta sikio peke yake si ushahidi, maana wapo wanaovuta masikio wakiwa na usingizi tu. Ukiona analivuta na huku ana mafua, ana homa, halali na hataki kula, hapo una sababu ya kushuku.

Kisha kuna sikio la tatu, ambalo watu wa pwani tunalichanganya na hayo mawili: sikio la bahari. Mtoto ameshinda Raskazone anaogelea, maji yamebaki sikioni, ngozi ya njia ya nje imelowana na kupata uambukizo. Kulitambua si kazi ngumu. Bonyeza taratibu kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio, au vuta sikio lenyewe kwa upole. Akiruka kwa maumivu, tatizo kuna uwezekano mkubwa liko nje. Sikio la mafua halijali sana ukilivuta, kwa sababu maumivu yako ndani, nyuma ya kiwambo. Kumbuka pia kwamba jino bovu au koo lenye vidonda huweza kupeleka maumivu sikioni wakati sikio lenyewe ni zima, kwa hiyo mwambie afungue mdomo umulike.

Nimeanza na hili kwa sababu dawa ya mojawapo haimfai mwenzake. Matone yanatibu sikio la bahari vizuri sana. Kwa sikio la mafua ambalo kiwambo chake ni kizima, matone ya kuua vijidudu yanaishia nje ya ukuta, na ugonjwa uko upande wa pili.

Usiku wa kwanza: parasetamoli au mafuta ya nazi ya moto?

Huu ndio ulinganisho wenye jibu jepesi, lakini unahusu usiku mgumu kuliko zote, basi niukalie kidogo.

Kwetu bibi akiamshwa na kilio cha sikio atapasha mafuta ya nazi, pengine ametia punje ya kitunguu saumu, na kudondosha matone mawili. Wengine watatumia maziwa ya mama. Nia ni ya upendo, na kwa sikio ambalo kiwambo hakijatoboka mafuta ya vuguvugu huenda yasidhuru. Shida ni mbili. Gizani, kwa mwanga wa simu, hakuna ajuaye kama kiwambo ni kizima. Na mafuta yanayoonekana vuguvugu kwenye kijiko yanaweza kuwa moto wa kuunguza ndani ya sikio la mtoto. Kitunguu saumu kibichi nacho kinaunguza ngozi. Yakishaingia, hayo yote yanafunika sikio, na kesho yake mtabibu akichungulia anaona mafuta badala ya kiwambo.

Parasetamoli, ile tunayoiita panado, haiulizi kiwambo kikoje. Inapunguza maumivu na homa kwa pamoja. Kipimo kinafuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Dawa ya maji iliyozoeleka kwa watoto ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150, kwa hiyo mililita 5 zinamtosha. Soma lebo kabla ya kumimina, maana zipo chupa zenye nguvu tofauti. Usipime kwa kijiko cha chai cha nyumbani, kwa sababu vijiko havilingani. Tumia kikombe kinachokuja na chupa, au bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo duka lolote la dawa litakuuzia. Mtoto aliye chini ya miezi 3 usimwanzishie dawa peke yako. Huyo akiwa na homa ni wa kupelekwa hospitali.

Ibuprofeni nayo inafaa kwa maumivu ya sikio, na kwa baadhi ya watu inatuliza kwa muda mrefu zaidi. Iepuke kwa mtoto wa chini ya miezi 3, kwa mtoto anayeharisha au kutapika mpaka amekauka, kwa mama mjamzito, kwa mwenye vidonda vya tumbo, na kwa mwenye homa ambayo huenda ni ya dengi. Aspirini usimpe mtoto aliye chini ya miaka 16, hata kama iko kabatini na panado imekwisha.

Pua nayo ihudumiwe usiku huo huo. Maji ya chumvi ya pua yanayouzwa famasi, matone mawili kila tundu kabla ya kunyonya, yanalegeza kamasi ili mtoto apumue na kunyonya vizuri. Mkubwa apenge tundu moja baada ya jingine, kwa upole. Kupenga kwa nguvu huku umeziba pua zote mbili kunaweza kusukuma kamasi kuelekea kwenye ule mrija. Kujifukiza kwa kivumbasi kunampa mtu mzima nafuu ya pua, sina ugomvi nako, ila sufuria ya maji yanayochemka na mtoto mdogo chini ya shuka moja ni hatari ya kuungua ambayo hakuna mafua yanayoistahili.

Duka la dawa: linakupa nini, na nini halikupi

Faida yake iko wazi. Liko mtaani, linafungua mapema, linafunga usiku, hakuna foleni. Maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003 na kisha kuenea nchini, yana mtoa dawa aliyepata mafunzo na yameruhusiwa kuuza orodha fulani ya dawa za cheti. Mtoa dawa mzuri ana thamani kubwa. Utamjua kwa maswali yake:

"Shikamoo mama, karibu."
"Marahaba mwanangu. Naomba dawa ya sikio, mjukuu wangu hajalala."
"Pole, mama. Ana umri gani? Sikio linatoa usaha, au linauma tu? Na homa anayo?"

Akiuliza hivyo, umefika mahali pazuri, na huenda akakuuzia parasetamoli na kukuelekeza kituo cha afya. Akigeuka tu kwenye rafu na kushusha kichupa, shukuru na uondoke.

Kichupa chenyewe mara nyingi ni matone ya jentamisini au kloramfenikoli. Jentamisini ni dawa nzuri mahali pake, lakini ikipita kwenye kiwambo kilichotoboka na kufika sikio la ndani inaweza kudhuru usikivu na mizani ya mwili. Ni mtoto mwenye usaha, yaani yule ambaye kiwambo chake kimeshatoboka, ndiye hasa anayenunuliwa matone haya kwa haraka. Ndiyo maana napinga kununua matone kwa kukisia. Sikio lenye usaha wa muda mrefu lina matone yake salama zaidi, ya jamii ya siprofloksasini, na uamuzi huo ni wa mtabibu aliyelitazama.

Kitu kingine ni nusu dozi. Kapsuli sita za amoksisilini zilizofungwa kwenye karatasi, au kuanza chupa na kuiacha siku ya pili kwa kuwa mtoto amechangamka. Pesa imetoka, ugonjwa haukutibiwa sawasawa, na vijidudu vya nyumba nzima vimepata nafasi ya kuzoea dawa. Kama ni kunywa antibayotiki, basi inywewe kwa uzito sahihi na kwa siku zote zilizoandikwa.

Dawa za mafua za mchanganyiko, zile za kukausha kamasi, hazijaonekana kuponya sikio la mtoto, na kwa wadogo zina madhara: mapigo ya moyo kwenda mbio, kukosa usingizi au kusinzia kupita kiasi. Hizo ziache dukani.

Antibayotiki leo, au kungoja siku mbili tatu?

Hapa pana mvutano wa kweli, na nisingependa kuuficha.

Uchunguzi uliojumlisha watoto wengi wenye uambukizo mkali wa sikio la kati ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wasiopewa antibayotiki, karibu 60 maumivu yanawaisha ndani ya saa 24, na siku ya pili au ya tatu wengi sana wako sawa. Antibayotiki haikuharakisha kupona katika ile siku ya kwanza. Baadaye ilisaidia kidogo: watibiwe watoto kama 20 ndipo mmoja aepushwe maumivu ya siku ya pili hadi ya saba. Kwa upande wa pili, kati ya kila watoto 14 wanaoinywa, mmoja anapata kuharisha, kutapika au vipele kwa sababu yake. Ndiyo maana mwongozo wa dawa za antibayotiki wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unasema wengi wenye ugonjwa usio mkali hawaihitaji, na kwamba ikihitajika, amoksisilini kwa siku 5 ndiyo ya kuanzia.

Lakini ukienda zahanati na mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye maumivu ya sikio, au usaha wa chini ya siku 14, mara nyingi utapewa amoksisilini ya siku 5 siku hiyo hiyo pamoja na dawa ya maumivu, na kuambiwa urudi baada ya siku 5. Mtabibu hajakosea. Mwongozo wa kutibu watoto katika vituo vya ngazi ya chini ndivyo unavyomwelekeza, nao uliandikwa kwa ajili ya mahali ambapo pengine hakuna kifaa cha kuchungulia kiwambo na ambapo kumwambia mama "rudi keshokutwa" kunaweza kuwa na maana ya kutomwona tena. Sehemu kubwa ya watoto wa ule uchunguzi walikuwa wa nchi tajiri, ambako kurudi kwa daktari ni simu moja tu. Mama wa Pongwe mwenye nauli ya safari moja hayuko katika hali hiyo.

Basi mimi naamua hivi. Mtoto aliyezidi miaka 2, sikio moja, homa si kubwa, hakuna usaha, anakunywa, anacheza akishapewa panado, na nyumbani kwenu kufika kituo si taabu: ngoja siku mbili hadi tatu ukimpa dawa ya maumivu kwa saa zake. Asipopata nafuu, nenda. Mtoto wa chini ya miaka 2 anayeumwa masikio yote mawili, au mtoto wa umri wowote mwenye usaha unaotoka, au mwenye homa ya nyuzi 39 na kuendelea, au ambaye dawa ya maumivu haimtulizi, usimngojeshe. Chini ya miezi 6, nenda siku hiyo hiyo hata kama dalili zinaonekana ndogo. Na kama unajua moyoni kwamba ukirudi nyumbani hutaweza kupata nauli tena wiki hiyo, mwambie mtabibu wazi. Ni habari anayoihitaji ili aamue vizuri.

Zahanati, kituo cha afya au Bombo?

Zahanati na vituo vya afya kama Ngamiani, Makorora au Pongwe vinatosha kwa sikio la mafua lililo la kawaida. Kwa sera ya taifa mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Wakati mwingine dawa zinaisha na utaandikiwa ukanunue nje, lakini hata hivyo umepata kile ambacho duka halina, yaani uchunguzi, na utakwenda dukani na karatasi yenye jina la dawa na kipimo cha mwanao. Ukifika uliza bila woga: "Daktari, naomba mtoto achunguliwe ndani ya sikio." Kwenye kifaa chenye taa, kiwambo kizima chenye afya kinaonekana cha kijivu na kinang'aa. Kilichojaa usaha kinakuwa chekundu na kimetuna kwa nje. Wapo wanaotibu bila kuchungulia kwa kuwa kifaa hakipo siku hiyo. Bado watakuwa wamemgusa nyuma ya sikio, wamempima joto na kumsikiliza kifua, na hilo lina faida kubwa.

Kuna jambo jingine linalofanya kituo kishinde duka hapa kwetu: malaria. Tanga homa ya mtoto haina ruhusa ya kuelezwa na sikio peke yake. Mtoto anaweza kuwa na mafua, sikio na malaria kwa wakati mmoja, na kipimo cha haraka cha damu kinachukua kama robo saa. Nimeona nyumba ambayo homa iliwekwa yote kwenye hesabu ya sikio, matone yakatiwa siku tatu mfululizo, kumbe kilichokuwa kinamchoma mtoto ni malaria.

Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, ni ya dalili kubwa, na dalili hizo hazingoji asubuhi. Uvimbe unaouma nyuma ya sikio, au sikio lililosukumwa mbele mpaka limesimama tofauti na mwenzake: hapo uambukizo umeingia kwenye mfupa. Shingo iliyokakamaa, degedege, mtoto aliyelegea asiyeamka vizuri, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya. Uso uliopinda upande mmoja. Kizunguzungu cha kuzungusha nyumba. Hizi ukiziona usipitie zahanati kwa ajili ya heshima ya foleni, wala usipitie kwa mganga wa matone. Chukua usafiri uende moja kwa moja. Kama uko mbali, Muheza vijijini au Mkinga, kituo kilicho karibu kitoe dozi ya kwanza ya antibayotiki kisha kikupe rufaa.

Sikio likitoa usaha: kulikausha au kuliziba?

Mara nyingine mtoto aliyelia usiku kucha ananyamaza ghafla alfajiri, na mto una doa la njano lenye damu kidogo. Kiwambo kimetoboka, shinikizo limetoka, maumivu yameshuka. Watu huogopa kwamba mtoto amekuwa kiziwi. Tundu la namna hii kwa kawaida huziba lenyewe ndani ya wiki chache. Kazi yako ni kuliweka sikio kavu ili lipate nafasi ya kupona, na kumpeleka kituoni ili aanzishiwe dawa.

Watu wanaziba kwa pamba na kuiacha siku nzima. Pamba inalowana, usaha unabaki ndani, harufu inaanza. Kukausha ndiko kunakosaidia. Chukua kitambaa safi laini cha pamba kinachofyonza, au tishu imara isiyochanika, ukikunje mpaka kiwe utambi wenye ncha. Uingize taratibu sikioni, uuache mpaka ulowane, uutoe, uweke mwingine safi. Rudia mpaka utambi utoke mkavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku mpaka sikio lisiwe na majimaji. Usitumie njiti ya kiberiti yenye pamba, wala vijiti vya masikio, wala unyoya wa kuku, kwa sababu kitu kigumu kinaweza kuongeza tundu. Maji yasiingie: wakati wa kuoga weka pamba yenye mafuta ya mgando kwenye mlango wa sikio kwa dakika hizo tu kisha uitoe, na Raskazone isahaulike mpaka mtabibu aseme kiwambo kimefunga.

Usaha ukifika siku 14 bado unatoka, ugonjwa umebadilika jina na tiba. Antibayotiki ya kunywa haifanyi kazi kubwa tena. Kinachohitajika ni kukausha kwa bidii na matone sahihi yaliyoandikwa. Sikio linalotoa maji mwaka mzima limekuwa jambo la kawaida katika nyumba nyingi, mtoto anaitwa tu "mwenye sikio", na linaliwa polepole. Halipaswi kuzoeleka.

Kwa mtu mzima ni tofauti kidogo

Mtu mzima mwenye mafua na sikio lililoziba ana haki ya kungoja kwa utulivu zaidi. Uambukizo wa sikio la kati kwake si wa mara kwa mara kama kwa mtoto, na kile kuziba kunaweza kuendelea hata wiki kadhaa baada ya mafua kuisha. Ameze mate, atafune, apige miayo, alale kichwa kikiwa juu. Dawa ya kupuliza puani inayofungua njia inaweza kumsaidia, ila isizidi siku 3 hadi 5, maana ikizidi pua yenyewe huanza kuziba kwa sababu ya dawa.

Angalia safari zako. Ukitoka Mombo kupanda Lushoto unapaa zaidi ya mita 900 kwa zile kona, na mwenye mafua makali sikio litamuuma kupanda, na zaidi kushuka. Mpe mtoto anyonye au anywe maji wakati basi linateremka, wewe tafuna kitu. Kuzamia ndiyo hatari hasa. Anayezamia pweza akiwa na mafua anashuka na mrija uliofungwa, maji yanakandamiza kiwambo kwa nje na ndani hakuna hewa ya kujibu. Mita chache tu zinatosha kukipasua. Siku hiyo asizamie, hata kama bamvua ni nzuri.

Wawili wasingoje. Mwenye kisukari, hasa mzee, akiwa na maumivu makali ya sikio yanayomnyima usingizi aende hospitali siku hiyo, kwa kuwa uambukizo wa njia ya nje unaweza kushika mfupa. Na mtu mzima ambaye sikio moja tu limeziba wiki nyingi bila mafua anahitaji kuchunguzwa nyuma ya pua, kwa maana kitu kinachoota pale huweza kuziba mrija huo huo.

Kabla ya mafua mengine

Mtoto anayeugua sikio kila baada ya mafua mara nyingi anakaa kwenye moshi, wa sigara au wa jiko la mkaa linalowashwa ndani. Hamishia jiko uani ukiweza, na mvutaji avutie nje. Anayenyonya maziwa ya mama ana kinga zaidi, na anayetumia chupa asinyonye akiwa amelala chali. Chanjo ya nimonia, inayotolewa nchini tangu mwanzoni mwa 2013 katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, inazuia baadhi ya vijidudu vinavyoshambulia sikio pia. Toa kadi ya kliniki uangalie kama zote tatu zimejazwa.

Maumivu yakiisha, majimaji huweza kubaki nyuma ya kiwambo kwa wiki kadhaa, na mtoto asisikie vizuri. Utamwona anaongeza sauti ya redio, haitiki akiitwa kutoka nyuma, na mwalimu analalamika kwamba hasikilizi. Kwa wengi hali hii huisha ndani ya miezi mitatu bila dawa yoyote. Ikizidi hapo, mrudishe akapimwe usikivu. Kwa kipindi hiki nyumbani mwiteni mkiwa mbele yake, na mwombe mwalimu amkalishe dawati la mbele, sikio lililo zima likiwa upande wa mwalimu.